Spika ya Jikoni

Jumamosi, 2 Agosti

Nimeamka na mpango kamili kichwani, mwanzo hadi mwisho, hata chai sijanywa. Mama anakuja kesho. Atakaa wiki moja kwangu kama alivyokaa wiki moja kwa dada yangu, kisha Jumapili ijayo atatuambia anahamia wapi moja kwa moja. Macho yake yamefifia, ngazi za nyumba yake zimemshinda, kukaa peke yake hawezi tena. Kwa hiyo ni kwangu au kwa dada. Ni kwangu! Mimi ndiye kitinda mimba. Hilo peke yake lilipaswa kutosha.

Tatizo ni shemeji, mume wa dada. Ana spika nyembamba ndefu kama rula, ameilaza chini ya televisheni, haina waya hata mmoja. Ana pia hedifoni za kuvaa kichwani, nazo hazina waya. Alinipigia juzi kunieleza kwamba kwake Mama anasikia mpaka pumzi za watangazaji. Alisema polepole, kwa huruma. Angenitukana ningemsamehe.

Lakini shemeji hakukulia kwetu. Hajui habari za spika ya jikoni.

Naandika hapa zisije zikapotea. Baba alikuwa mrekebishaji wa mizani za madukani, mtu wa vipimo. Alipopata televisheni na deki ya video, sebule yetu ilijaa sisi na nusu ya mtaa, na Mama alikuwa jikoni, kwa sababu walaji walikuwa wengi na sufuria moja. Basi Baba akachukua spika moja kati ya mbili, akavuta waya kutoka sebuleni, akaupigilia ukutani kwa misumari midogo, kila msumari shibiri moja kutoka mwenzake. Akatoboa ukuta kwa nondo ya moto. Spika akaitundika juu ya rafu ya sufuria. Sisi tukawa na picha, Mama akawa na sauti. Filamu zote alizijua kwa masikio. Pahali pa kulia alilia kabla yetu, maana sisi tulikuwa tunagombania mkeka.

Kasoro ilikuwa moja tu. Kila filamu Baba aliinuka mara sita, mara saba, kwenda jikoni kukaza waya. Waya za siku zile zilikuwa zinalegea sana.

Nimetoa chini ya kitanda deki ya Baba na amplifaya yake, mashine ya kukuza sauti. Mke wangu aliuliza kama kitu hicho kiko hai. Spika iliyosalia ni moja, ileile ya jikoni. Ya pili panya walishaila. Kitambaa cha hii ya jikoni bado kinanuka vitunguu. Nimekinusa mara tatu, na mara ya tatu mke wangu alikuwa mlangoni. Sikuona haya. Nimeikumbuka sana nyumba ile leo.

Jumapili, 3 Agosti

Nimevuta waya tangu alfajiri. Mita tisa, kutoka sebuleni, juu ya mlango, hadi jikoni. Sikutumia misumari. Nimetumia vibanio vya plastiki, na juu ya kila kibanio gundi. Waya huu hautalegea hata nyumba ikianguka. Kosa la Baba nimelirekebisha.

Mama kaletwa na shemeji kwa gari. Shemeji aliingiza sanduku la Mama mpaka ndani, halafu akajifanya kunyoosha mgongo ili aitazame televisheni yangu. Akaulizia spika kwa upole. Nikamwambia subira huvuta heri.

Mama alikataa kochi. Akaomba stuli, akaiweka jikoni karibu na dirisha, akaanza kuchambua maharage kwa vidole, bila kuyaangalia. Amepungua. Kitenge chake kinamzunguka mara mbili na ziada. Sikupenda kuliona jambo hilo, nikarudi kwenye kazi yangu.

Kazi ilikuwa nyepesi. Nyuma ya televisheni pana tundu jekundu na jeupe. Nyuma ya amplifaya pana tundu jekundu na jeupe. Waya wa kuziunganisha una ncha nyekundu na nyeupe. Mtoto wa chekechea angeweza! Nikachomeka, nikawaita wote, nikawasha.

Mngurumo. Mngurumo mtupu, mnene, usio na neno ndani yake. Mama aliuliza kutoka jikoni kama friji inaumwa.

Shemeji aliaga. Mezani akaacha hedifoni zake, eti endapo zitahitajika. Nimezificha kwenye droo ya vijiko.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwandikia msimamizi wangu wa kazi. Mimi ni mtunza ghala la vitabu vya shule, na vitabu havitoroki. Nimemwambia nina tatizo la sauti, sisikii chochote, inabidi nimwone mtaalamu. Hakuna uongo hata chembe. Soma tena, kila neno ni kweli.

Mtaalamu ni fundi redio wa mwisho wa mtaa. Nilimbebea amplifaya kifuani. Aliifungua, akapuliza vumbi, akaisifu kwamba siku hizi hawatengenezi tena mambo kama haya. Nikavimba kichwa. Kisha akaniuliza nimechomeka wapi, nikamweleza. Akaweka bisibisi chini.

"Matundu ya televisheni yako ni ya kuingizia sauti," akasema. "Ya amplifaya nayo ni ya kuingizia. Umeunganisha sikio na sikio, mzee. Sasa nani aseme?"

Wateja wawili walicheka. Mmoja alikuwa hajamaliza hata dakika moja dukani.

Akanipa waya mwingine: upande mmoja ncha mbili zilezile, upande wa pili kiplagi chembamba cha kuingia kwenye tundu la hedifoni, ubavuni mwa televisheni. Akaongeza kwamba kama shida yangu ni kanda za zamani, deki yenyewe ina matundu ya kutolea sauti, nichomeke moja kwa moja kwenye amplifaya na kazi imekwisha. Nikamwambia ushauri rahisi ni wa watu wavivu.

Jumanne, 5 Agosti

Imefanya kazi! Saa nne asubuhi, sauti ya mtangazaji imetoka juu ya rafu ya sufuria kwa spika ya Baba, nene, yenye kifua, kama zamani. Nililia. Nakiri. Mama aliacha maharage, akainua uso kuielekea spika, akatabasamu kidogo. Kwa tabasamu lile ningevuta waya mpaka mji wa pili.

Furaha ilidumu hadi saa tano, tamthilia ya mke wangu ilipoanza. Hedifoni ikichomekwa, televisheni hufunga mdomo wake yenyewe. Na kwa akili yake, mimi nimechomeka hedifoni. Basi sebuleni watu wanagombana bila sauti, jikoni sauti zinagombana bila watu. Mke wangu alikimbia huku na huko mara nne. Akasema achague kuwa kiziwi au kipofu nyumbani kwake mwenyewe. Mwishoni akahamia jikoni na kisu na viazi, akasikiliza.

Mama akauliza ni nani aliyebamiza mlango. Mke wangu hakujua. Mimi nilikuwa juu ya kiti naongeza gundi. Mama akauliza tena, akitaka kujua huyo aliyeingia ana uso gani, mpole au mkali. Nikamwambia asubiri, kibanio hiki hakijakauka. Alisubiri. Halafu hakuuliza tena, akasema anakwenda kujinyoosha.

Viazi viliungua.

Jumatano, 6 Agosti

Nimerudi kazini. Msimamizi amewaambia wote kwamba sisikii. Ananipigia kelele nikiwa hatua moja mbele yake. Dereva wa gari la vitabu ananiandikia kwenye maboksi. Nilipomwambia msimamizi kwamba nimepona, alinipigapiga begani, akawaambia wengine, kwa sauti ileile ya kelele, kwamba wagonjwa wa namna hii hawapendi kukiri, na akanipa ruhusa hadi Jumatatu nikatibiwe. Mwenye kujipalia makaa hana wa kumlaumu.

Wakati wa kutoka nilipita kwa muuza simu. Ana vidude viwili vidogo: kimoja kinarusha sauti, kingine kinaidaka. Hakuna waya. Ameniapia kwamba kwa hivi televisheni haitafunga mdomo. Mke wangu atasikia sebuleni, Mama atasikia jikoni, shemeji atasikia kwao kwa uvumi. Nimevichukua.

Alhamisi, 7 Agosti

Sitaki kuandika habari za leo. Naziandika.

Kidude cha kurusha kilitafuta wenzake, kikaniletea orodha ya majina ya ajabu kwenye kioo cha televisheni, nichague. Nikachagua la juu kabisa, maana wa kwanza ndiye mwenye nguvu. Kikakubali. Jikoni kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza tena, hadi mwisho wa mstari, nikaiacha hapo saa nzima ili mashine zizoeane. Mama alikaa chini ya spika iliyo bubu, mikono mapajani, anangoja.

Ndipo jirani yetu msusi alipobisha hodi, kitana mkononi. Spika ya saluni yake ilikuwa imekata muziki yenyewe na kuanza kutoa tamthilia. Nikajitayarisha kuomba radhi. Hakutaka radhi. Alikuja kuomba tusibadilishe stesheni, wateja wake wanne wamekataa kuondoka hadi yule mume afumaniwe, na je, twaweza kumwambia yule mwanamke mwenye sauti ya kukoroma ni mama mkwe au mpangaji?

Mke wangu alikwenda saluni kuwaeleza. Hakurudi hadi tamthilia ilipoisha. Nimeng'oa vidude, nimerudisha waya wa fundi.

Ijumaa, 8 Agosti

Shemeji kaja kumjulia Mama hali. Hakuna aliyemwita. Mke wangu akaweka chai, shemeji akasema asihangaike, sukari atakoroga mwenyewe, akafungua droo kutafuta kijiko.

Alizitazama hedifoni zake kitambo kirefu. Akachukua kijiko, akafunga droo taratibu. Akakoroga chai, akaisifu! Mtu wa namna hiyo utamshinda vipi?

Akaenda kukaa na Mama jikoni. Nikasikia akimwuliza kama kwake alisikia vizuri zaidi. Mama akajibu kwamba alisikia vizuri sana, ahsante, mkwe wangu. Niliiona Jumapili yote mbele ya macho yangu: sanduku la Mama likirudi kwenye gari, stuli ikibaki peke yake dirishani. Sikutaka tena kumshinda shemeji. Nilimtaka Mama akae tu. Nataka nikirudi kutoka ghalani nimkute mtu aliyenijua kabla sijaota meno.

Nikaingia na silaha yangu ya mwisho. Nikatangaza kwamba kesho saa kumi alasiri nitaonyesha kanda ya Baba, yote, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya spika yake.

Vidole vya Mama vilisimama. "Ile ya stesheni?" akauliza.

Ile ya stesheni. Mwanamke anamngojea mumewe kwenye stesheni ya treni kwa miaka saba. Mtaani kwetu iliombwa kila mwezi. Mama ameisikia pengine mara thelathini na hajawahi kuiona. Mimi nimeiona mara thelathini na sijawahi kuufikia mwisho, usingizi ulikuwa unanichukua daima kwenye mwaka wa tano.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika upesi kabla ya kusahau lolote.

Saa kumi kamili. Mke wangu kaenda kwa msusi, akasema nyumba ni yetu. Mama jikoni kwenye stuli, sinia la maharage mapajani. Mimi sebuleni na rimoti. Kanda ikaanza, na muziki ule wa mwanzo ukatoka kwenye spika ya jikoni. Nilikuwa na miaka minane tena. Niliona mkeka. Niliwaona wenzangu walivyokaa, nani mbele ya nani. Niliona mgongo wa Baba ukiinuka kwenda kukaza waya.

Mwaka wa kwanza ulipita salama. Wa pili, wa tatu. Nilipofika wa tano sikulala! Nikataka Mama asikie vizuri zaidi. Nikaongeza sauti. Nikaongeza na kwenye amplifaya, kidogo tu, kisha si kidogo.

Amplifaya ilitoa uzi wa moshi. Mwembamba, wa adabu. Nikakurupuka, nikang'oa plagi kwenye televisheni kwa nguvu zangu zote, na ncha yake ikakatikia ndani ya tundu. Televisheni sasa inaamini imevaa hedifoni milele. Nyumba nzima kimya. Picha inaendelea. Deki ya Baba haina kitufe cha kusimamisha, kilikufa nikiwa darasa la nne.

Nikaenda jikoni kuomba msamaha. Ni hatua sita. Nilisimama mlangoni, nikijua nimeula wa chuya. Mama hakungoja niseme.

"Sasa anafanya nini?" akauliza.

Nikarudi, nikachungulia, nikaja. Nikamwambia amekaa kwenye benchi. Akauliza amevaa nini. Nikaenda, nikaja: gauni la buluu. Mama akasema Baba alimwambia la njano. Akauliza kama mvua bado inanyesha. Nikaenda, nikaja. Nilikwenda na kurudi mara thelathini kama si zaidi, magoti yananilalamikia. Nilimweleza sura za watu, viatu, mtoto aliyebeba bata, mkuu wa stesheni mwenye sharubu zisizolingana. Mama alicheka mpaka maharage yakamwagika. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike Baba.

"Umesimama palepale alipokuwa akisimama baba yako," akasema.

Nikamwambia ndiyo, maskini, alipokuja kukaza waya.

"Waya gani?" Mama akasema. "Waya ule haukulegea hata siku moja. Alikuwa anakuja kunisimulia mnachokiona. Kwa dada yako nilisikia kila kitu, mwanangu. Hakuna aliyekuja mlangoni."

Nikaenda sebuleni kwa sababu treni ilikuwa inaingia.

Ni treni ya mwisho, mwaka wa saba. Milango ikafunguka. Wakashuka watu, wengi, na mwanamke akawa anatazama uso mmoja mmoja. Wakaisha. Milango ikafungwa, treni ikaondoka, stesheni ikabaki tupu. Mwanamke akachukua sanduku lake, akaondoka peke yake. Basi. Maandishi yakaanza kupanda.

"Ameshuka?" Mama akaita.

Nilitembea zile hatua sita. Sijawahi kuona jikoni iko mbali hivyo.

"Ameshuka," nikamwambia.

"Ana kofia?"

"Ana kofia."

"Kaivaa, au kaishika?"

"Kaishika mkononi."

Mama akatikisa kichwa polepole, akiokota maharage kwenye mapaja yake, moja moja.

"Baba yako naye alisema vivyo hivyo," akasema. "Na sauti yake ilikuwa inashuka hapohapo, kama yako. Macho yangu ndiyo mabovu, mwanangu. Masikio ni mazima."

Nikakaa chini sakafuni, karibu na stuli. Tulimaliza maharage pamoja.

Jumapili, 10 Agosti

USHINDI!

Dada na shemeji walifika saa kumi. Mama akawashukuru, akawabariki, akasema anabaki hapa. Dada akanibusu. Shemeji alinivuta pembeni, akaniuliza kwa adabu zake zote nimetumia mtambo gani. Nikamwambia ni uzoefu. Nilimrudishia hedifoni zake nikiwa nimezifuta vizuri.

Walipoondoka nilikaa kutafakari yaliyotokea jana, kwa sababu mtu mwerevu hujifunza. Na nimejifunza. Tatizo la jana lilikuwa moja tu: magoti. Safari thelathini! Baba naye aliteseka hivyohivyo miaka yote ile, masikini ya Mungu, kwa kukosa vifaa. Mimi sitateseka.

Mpango ni huu. Nitaweka maikrofoni kando ya kochi langu. Fundi redio ataifufua amplifaya, ameshaanza kuichokonoa. Nitakaa sebuleni, miguu juu ya meza, nitatazama picha na kusimulia, na Mama atanisikia kule jikoni kwenye spika ya Baba. Hakuna haja ya mtu yeyote kuinuka tena katika nyumba hii. Maikrofoni zina pia kitufe cha kurekebisha sauti, kwa hiyo hata ile kasoro ya kushuka mwishoni itakuwa imetibiwa.

Nilipomweleza fundi, alinitazama sana. Akaniuliza kutoka sebuleni hadi jikoni ni umbali gani. Nikamwambia hatua sita. Akauliza tena, kama vile mimi ndiye kiziwi. Hata yeye kasikia uvumi wa kazini.

Nimeshanunua waya mpya, mita kumi na tano. Niko juu ya kiti sasa, naandika huku daftari limeegemea fremu ya mlango. Mama ananiita, hii mara ya tatu. Mke wangu kafungua tamthilia bubu, na Mama anataka niende nimwambie yule mume kafanya uso gani.

Nimemwambia asubiri kidogo, gundi haijakauka.